Barnaba Hakungoja Ushuhuda

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenilemea. Kanisani wakaniambia Mungu hutoa nafasi ya pili, kisha wakanitoa kwenye orodha ya walimu wa shule ya Jumapili, ati "hadi mambo yakae sawa."

Kwani yatakaaje sawa? Maikrofoni tunampa aliyeanguka, akainuka, akanunua gari. Aliye bado chini tunamtumia mstari wa Biblia kwa simu, basi.

Yohana Marko pia aliacha safari katikati, kule Pamfilia, akarudi zake Yerusalemu. Safari iliyofuata, Paulo alimkataa katakata. Wakagombana na Barnaba hadi wakaachana. Barnaba akamchukua Marko, wakapanda meli kwenda Kipro. Wakati huo Marko hakuwa na ushuhuda wowote. Alikuwa na jina lililoharibika na mtu mmoja wa kusafiri naye. Baadaye Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, aliagiza aletewe Marko kwa sababu anamfaa.

Kwa hivyo, pasta, usiniombee nianze upya huku umenificha chaki. Nirudishie wale watoto Jumapili hii, nikiwa bado sina kazi, bado nina deni. Nitaanzia hapo.