Breka Hailindi Kiyoyozi, Hulinda Waya

Ndugu zetu wa Visiwani wasomao safu hii huenda wakajiuliza habari za Kilosa na Mikumi zinawahusu nini. Zinawahusu. Tangu mwaka 1980, umeme ulipovuka bahari kwa kebo kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, taa za Unguja zimekuwa zikiwashwa na gridi ya Taifa, na katika nguzo kuu za gridi hiyo kilikuwamo kituo cha Kidatu, chenye mitambo minne chini ya ardhi na uwezo wa megawati 204. Kidatu si mbali na Mikumi. Basi aliye Mikumi na aliye Fumba wamefungwa katika waya mmoja, na yanayoharibika kwa mmoja yaweza kumfunza mwingine.

Mwandishi wa safu hii alikuwa katika ziara ya kazi za Chama wilayani Kilosa, katika majira yale ya joto kabla ya mvua. Wilaya ile imebadilika. Treni ya umeme iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024 kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma husimama Kilosa, na Mikumi, kwa ajili ya hifadhi yake na barabara kuu iendayo Iringa, imejaa nyumba za wageni. Hakuna mgeni sasa anayekubali feni. Kila mlango una kiyoyozi, na asiye nacho anakosa wateja. Hilo ni jema, kwani starehe haikuumbwa iwe ya watu wachache tu.

Tulilala katika nyumba mojawapo ambayo haina haja ya kutajwa. Usiku wa pili, saa sita hivi, tuliamshwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Katika dari, juu kidogo ya mlango wa chumba cha jirani, kiungo cha waya kilikuwa kimeyeyuka, na ubao uliokuwa karibu nacho ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Tulikimbilia meni switchi tukazima nyumba nzima, na tukakaa nje hadi alfajiri. Hakuna aliyeumia. Madrasa tulikosomea sisi, mwalimu alikuwa akitukumbusha kila jioni kuzima taa kabla ya kulala. Usiku ule niliona kwamba taa zote zaweza kuzimwa na moto bado ukawa unapikwa juu ya kichwa cha mtu.

Asubuhi msimamizi alitueleza kisa chote bila kuficha. Viyoyozi vitatu vya BTU 18,000 vilikuwa vimetundikwa katika laini moja ya soketi, yenye waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 20. Kila jioni wageni waliporudi kutoka hifadhini na kuwasha vyote, baada ya nusu saa breka ilikatika. Akaitwa fundi. Fundi akasema, "Mama, breka hii ni ndogo, ndiyo maana inakusumbua," akaweka ya ampea 40. Ikaacha kukatika. Wakamshukuru, wakamlipa.

Hapo ndipo kosa lilipo, nalo si la Mikumi peke yake. Watu wengi, wakiwamo maofisa waliosoma, huamini kwamba breka imewekwa kwa ajili ya chombo, kwa hiyo chombo kikubwa kinadai breka kubwa. La hasha. Breka imewekwa kwa ajili ya waya uliojificha ukutani na darini. Waya ukipitishwa umeme kupita kiasi chake hupata joto, na ganda lake la plastiki, ambalo kwa kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 tu, hulainika, hukauka, hupasuka. Breka ni mlinzi aliyewekwa kukata kabla mambo hayajafika huko. Ilipokatika kila jioni haikuwa mbovu. Ilikuwa ikifanya kazi yake, na ikaadhibiwa kwa kufanya kazi yake.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo kikuu. Kiyoyozi cha BTU 18,000 hutumia takriban wati 1,700 hadi 1,900. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 7 au 8. Vitatu ni ampea 24, bado friji na televisheni. Waya wa 2.5 katika bomba la ukutani huweza kubeba ampea 24 iwapo joto la mahali ni nyuzi 30. Lakini nani amewahi kukuta nyuzi 30 chini ya bati la Mikumi, au la Chake Chake, saa nane mchana wa Januari? Mahali penye nyuzi 50, uwezo wa waya huo hushuka hadi ampea 17 hivi. Kwa hiyo breka iliyoufaa darini mle ni ya ampea 16, wala si 20, sembuse 40. Tena breka ya ampea 40, kwa jinsi zinavyotengenezwa, yaweza kupitisha ampea 45 kwa saa nzima bila kukatika. Waya ule ungekwisha kuwa mkaa, na mlinzi amelala.

Kanuni ni hii: ampea za chombo zisizidi za breka, na za breka zisizidi za waya. Anayetaka kupandisha breka sharti apandishe waya kwanza. Kiyoyozi kimoja cha nyumbani kipewe laini yake kutoka kwenye meni, na pale penye dari la moto waya wa milimita 4 kwa breka ya ampea 20 ni tahadhari isiyo ghali ukilinganisha na paa la nyumba. Mafundi wengine husema kiyoyozi kinapoanza huvuta umeme kwa ghafla, ndiyo maana wanaongeza breka. Ni kweli kwamba huvuta, lakini dawa yake ni breka yenye herufi C mbele ya namba, ambayo husamehe mshtuko wa kuanza bila kusamehe mzigo wa kudumu. Na ampea za kiyoyozi zimeandikwa ubavuni mwa kile chombo cha nje. Asomaye hahitaji kubahatisha.

Hata Serikali zetu zilipobanwa zilifuata kanuni hiyo hiyo. Kebo ya mwaka 1980 ilikuwa na uwezo wa megawati 45. Mahitaji ya Unguja yalipokua, na baada ya giza lile la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ambalo hakuna Mzanzibari aliyelisahau, hakuna aliyesema tubadili swichi ya Fumba ili kebo ile ile ipitishe zaidi. Ililazwa kebo mpya ya megawati 100, ikaanza kazi mwaka 2013. Ajabu ni kwamba hekima tuliyoitumia chini ya bahari tunaiacha mlangoni mwa nyumba zetu.

Sasa twaomba maofisa watusikilize. Ofisi za umma, Bara na Visiwani, hununua viyoyozi kila mwaka wa fedha, na aghalabu hati ya ununuzi hutaja aina, bei na idadi, kisha hukoma hapo. Waya haumo, breka haimo. Chombo kinafungwa katika jengo ambalo waringi wake uliwekwa kwa ajili ya feni na taa. Huko Mji Mkongwe, ambako waya hupita juu ya boriti kavu za miaka mingi na hewa ya chumvi hula viungo, uzembe huo ni hatari maradufu. Twapendekeza hati hizo zidai laini mpya kwa kila kiyoyozi, na malipo yasitoke mpaka fundi mwenye leseni ameandika ukubwa wa waya na wa breka na kutia sahihi yake. Kwa upande wa Bara EWURA hutoa leseni hizo kwa madaraja, na Mikumi yenyewe ina chuo cha VETA. Visingizio vya kukosa watu havina nafasi. Na zile nyumba ndogo zilizopata umeme kwa kifaa kiitwacho UMETA zielezwe wazi, siku ya kuunganishwa, kwamba kifaa hicho hakikukusudiwa kubeba kiyoyozi.

Tulipopita tena Mikumi tukirejea kutoka Kilosa, tulikuta dari la nyumba ile limefunguliwa. Laini tatu mpya za waya wa milimita 4 zilikuwa zikishushwa hadi kwenye meni, na breka ya ampea 40 imewekwa juu ya meza ya mapokezi. Msimamizi alisema ataihifadhi hapo, ili fundi yule akipita tena amrudishie.