Nairobi hadi London kwa gari: tuanze na pasipoti

Tangu nilipotaja kwamba mimi na wenzangu wawili tunapanga kwenda London kwa barabara, swali ninaloulizwa ni moja tu: gari gani? Land Cruiser au Prado? Dizeli au petroli? Hema la juu ya gari mmeshanunua? Jibu langu huwaudhi watu. Gari hatujachagua. Kwa miezi minne sasa tunachopanga ni pasipoti, na nashikilia kwamba yeyote mwenye pasipoti kama yetu anapaswa kuanzia hapo.

Najua haisisimui. Ukitafuta maelezo ya safari za namna hii utapata kurasa nyingi ajabu kuhusu matairi, winchi, friji za gari na vichujio vya maji. Viza hupewa aya moja mwishoni: nyingi utazipata njiani, usijali. Maelezo hayo mengi yameandikwa na watu wanaoteremka kutoka Ulaya kuja Cape Town, na kwao si uongo. Mwingereza akifika Afrika Kusini hupigiwa muhuri mpakani, basi. Sisi tunapanda. Kwetu mpaka mgumu kuliko yote uko mwisho wa safari, wakati pesa zimeshaliwa na maelfu ya kilomita yameshapita. Safari ni ileile ukiiangalia kwenye ramani, lakini ukiigeuza kichwa chini inakuwa tatizo lingine kabisa.

Kwanza njia. Njia ya kawaida ingekuwa Moyale, Addis Ababa, Sudan, Misri. Kipande chetu cha njia hiyo kimekuwa rahisi: barabara ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500 zilizokuwa za vumbi na misafara ya polisi, sasa ni lami, na kituo cha pamoja cha mpakani Moyale kilifunguliwa rasmi Desemba 2020. Mkenya haitaji viza kuingia Ethiopia. Hata saa zao zinahesabiwa kama zetu, saa moja ya asubuhi ni saa moja (mimi ambaye kila wiki napigana na saa za kanda mbalimbali kwenye programu zangu ningepumzika huko). Lakini vita vya Sudan vilianza Aprili 2023, na siwezi kumshauri mtu apange kupita huko na gari la nyumbani. Kupakia gari melini kunawezekana, ila meli zilianza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu Novemba 2023, na kusema kweli gari likiwa ndani ya kontena naona si safari ya barabara tena.

Tukabaki na magharibi. Tanzania, Zambia, Namibia, Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kongo-Brazzaville, Kameruni, Nigeria, Benin, Togo, Ghana, Ivory Coast, Guinea, Senegal, Mauritania, Moroko. Kisha kivuko hadi Uhispania, halafu Ufaransa, halafu Uingereza. Nchi 18 kati ya nyumbani na London.

Sasa, waliosoma kompyuta watanielewa haraka hapa, na wengine nisikilizeni kidogo. Kuna kitu katika programu kinaitwa kufuli. Ikiwa kazi kumi zinataka kuandika kwenye faili moja, unaweka kufuli: kazi moja ikiishika faili, nyingine tisa zinangoja. Pasipoti ndiyo faili hiyo. Ubalozi mmoja ukiishika, huwezi kuomba viza nyingine inayotaka pasipoti yenyewe, wala huwezi kuvuka mpaka. Waingereza huweza kupewa pasipoti ya pili wakionyesha sababu, na utaona wasafiri wao wakiitaja kama jambo la kawaida: moja iko ubalozini, nyingine iko mfukoni. Sisi tunapanga kwa moja.

Viza ya Schengen ndiyo mzizi wa ratiba nzima. Sheria yake inasema huwezi kuiomba zaidi ya miezi 6 kabla ya siku ya kuingia, na unaomba katika nchi unakoishi kihalali. Wakikubali kukupokea kwingine ni kwa sababu maalumu utakayowaeleza, nami sitaki kutegemea huruma ya afisa wa Dakar. Kwa hiyo tunaomba Nairobi, kabla ya kuondoka. Piga hesabu nami. Tuseme tunataka kuingia Uhispania tarehe 31 Julai. Siku ya mapema kabisa ya kupeleka maombi ni 31 Januari. Majibu kwa kawaida ni siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika 45. Ukipanga kwa ile mbaya, na mtengenezaji programu yeyote aliyewahi kuamshwa usiku hupanga kwa ile mbaya, pasipoti inarudi tarehe 17 Machi. Kutoka hapo hadi 31 Julai ni siku 136 za kupita nchi 16.

Halafu Uingereza. Viza ya mgeni ya huko haiombwi zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, kwa hiyo kuibeba kutoka Nairobi haiwezekani. Nafuu ni kwamba unaruhusiwa kuiomba ukiwa nchi nyingine. Majibu ni kama wiki tatu. Wiki tatu bila pasipoti ni wiki tatu bila kuvuka mpaka, kwa hiyo ratiba yetu ina siku 21 za kukaa Accra. Si kwa sababu ya ufuo wa bahari, ingawa sitaukataa. Toa siku hizo, zinabaki 115 kwa nchi 15. Siku saba na nusu hivi kwa kila nchi, ukihesabu ndani yake barabara mbovu, gari kuharibika, kuumwa, na viza nyingine zitakazoombwa njiani. Hapo ndipo utaelewa kwa nini sina haraka ya kubishana kuhusu hema.

Nimeandika programu ndogo ya Python, mistari kama 140, inayofanya hesabu hii kwa viza zote. Kila viza ina mambo manne: siku ya mapema ya kuiomba, siku ambazo pasipoti itashikwa, miji inakoweza kuombwa, na siku ya mwisho ya kuitumia. Programu inaanzia London na kurudi nyuma. Haina akili yoyote ya ajabu, lahajedwali lingetosha kwa mtu mwenye subira. Faida yake ni kwamba tukisogeza tarehe moja, naona mara moja nini kimevunjika. Tulipojaribu kuongeza siku kumi Namibia (mwenzangu mmoja ana mapenzi na jangwa), viza mbili za mbele ziliisha muda kabla hatujafika.

Jambo ambalo programu haitatui ni mkwamo. Ubalozi wa nchi ya kwanza unataka kuona viza ya nchi inayofuata kabla ya kukupa ya kupita. Ubalozi wa nchi inayofuata unataka uthibitisho kwamba utaruhusiwa kupita ile ya kwanza. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Katika kompyuta tungeua kazi moja na kuianza upya. Hapa unapiga simu, unavaa shati safi, unaenda kuuliza kwa upole nani kati yao atakubali risiti ya maombi badala ya viza yenyewe. Tumepata mmoja aliyekubali, na ilichukua ziara tatu.

Na hapa nina neno na wenzangu wa kazi. Nimejaza fomu moja ya viza mtandaoni, ya ubalozi nisioutaja, iliyonidai namba ya ndege. Sehemu hiyo ilikuwa ya lazima. Ukiiacha tupu, ukurasa haukubali kusonga. Ukiandika "gari", inasema si namba halali. Huyo aliyeijenga hakuwa na ubaya wowote. Alikaa ofisini, akafikiria mgeni, na mgeni kichwani mwake alishuka kwenye ndege. Lakini Afrika hii watu wanavuka mipaka kwa basi, kwa lori, kwa pikipiki na kwa miguu kila siku. Tunapoweka ile alama ndogo nyekundu ya "lazima" tunatunga sheria, hata kama hakuna bunge lililoipitisha. Muulize mteja wako angalau mara moja: je, na asiyekuja kwa ndege?

Mwenzangu yule wa jangwa anasema kupanga namna hii kunaua safari, kwamba wazee wetu walienda bila programu. Namwelewa. Lakini hoja yangu si kuondoa mambo ya kushtukiza njiani; yatakuwepo tele. Hoja ni mahali pa kupokelea jibu la "hapana". Ada ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024 na hairudishwi, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Ukinyimwa Nairobi, umepoteza hizo na wiki kadhaa. Ukinyimwa huko mbele, uko Tangier na gari lako, umeacha kazi, na siku isiyo na ukungu unaiona Uhispania kwa macho, kilomita 14 tu za maji pale penye wembamba zaidi. Tukinyimwa, sisi tumeshakubaliana: tunageuza gari kwenda Cape Town. Tanzania, Zambia, Namibia na, tangu Januari 2023, Afrika Kusini, zote Mkenya anaingia bila kuomba viza.

Mengine nitayapitia haraka. Kijitabu cha forodha cha gari hudumu mwaka mmoja na kinataka dhamana ya pesa, kwa hiyo usikichukue mapema mno. Kama gari bado lina mkopo, jina la benki limo kwenye logibuku na utahitaji barua yao. Kadi ya homa ya manjano inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ramani pakua zote kabla ya kuondoka, za OpenStreetMap zinatosha na hazidai mtandao. Usiseme utazipakua huko: sehemu za Kameruni zilikatiwa intaneti siku 93 mwaka 2017, na Senegal ilizima data ya simu kwa siku kadhaa Juni 2023. Mwulize pia mtu anayeijua njia, kwa sababu Kinshasa na Brazzaville kwenye ramani zinatazamana kama Likoni na kisiwa cha Mombasa, na daraja hakuna. Lililopo liko chini huko Matadi. Na hakikisha laini yako ya Kenya inapokea ujumbe ukiwa nje, maana benki itakutumia namba ya siri kwenye simu hata ukiwa Nouakchott.

Wiki hii kilicho juu kwenye faili ni pasipoti mpya. Yangu ni ya kurasa 34 na zilizobaki tupu ni sita. Naomba ya kurasa 66, na hadi itakapotoka, kazi nyingine zote kwenye orodha zinangoja kufuli.