Kumi tunaijua, na ile tisini?

Mtu akitaka kunionyesha kwamba halmashauri zetu zinawajali wanawake, hunitajia asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo. Nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Wananisomea hesabu hiyo mimi, mwanamke niliyezeekea kwenye ofisi za mipango kabla ya kuja kujenga hapa Mpemba, kana kwamba sijawahi kuliona lile jedwali. Nasikiliza mpaka mwisho, kisha nauliza: na ile tisini?

Mikopo ile ni jambo jema, sibishi. Tangu mwaka 2018 imo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, haina riba, na kikundi cha kina mama kinaidai kwa haki, si kwa fadhila za mkurugenzi. Aprili 2023 ilisitishwa baada ya ukaguzi kuibua vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, na mwaka 2024 ikarudi. Lakini mkopo ni deni, na mwanamke ataulipa. Fedha zinazobaki ndizo zisizodaiwa kwa mtu: ndizo soko, zahanati, taa, dampo, mafuta ya gari la mkurugenzi na posho za vikao. Huko ndiko inakoamuliwa nani atapumzika na nani ataendelea kubeba, na huko jina la mwanamke halitajwi. Linatajwa kwenye aya ya masuala mtambuka, pamoja na UKIMWI, mazingira na rushwa. Aya hiyo naifahamu vizuri. Huamshwa kila mwaka kutoka kitabu cha mwaka uliopita, ikabadilishwa tarakimu za mwaka wa fedha, ikarudi kulala.

Chukua choo cha soko. Katika halmashauri moja niliyofanyia kazi, mbali na hapa, choo cha soko kilionekana kwenye kitabu cha bajeti mahali pamoja tu: upande wa mapato. Kila anayeingia shilingi 200, makisio ya mwaka haya hapa. Upande wa matumizi hapakuwa na maji, hapakuwa na dawa, hapakuwa na ujira wa anayesafisha. Sasa fuatilia ile mia mbili inatoka mfukoni mwa nani. Mwanaume ana haja ndogo, anazunguka nyuma ya tela la lori, amemaliza. Muuza nyanya amefika saa kumi na moja alfajiri na mtoto mgongoni, anaondoka giza likiingia. Analipa mara tatu au nne, akiwa mjamzito zaidi ya hapo, na ushuru wa kizimba ameshalipa. Au hanywi maji kutwa nzima, na hilo halina mahali pa kuandikwa kwenye kitabu cha makisio. Hakuna diwani aliyekaa akaazimia wanawake watozwe kuliko wanaume. Wote walipitisha tarakimu iliyokuwa mbele yao, na tarakimu haina jinsia mpaka mtu aulize.

Wapo wanaoniambia bajeti haiwezi kushuka hadi kwenye mambo ya chooni. Mbona imeshashuka! Mwongozo wa vyoo vya shule nchini unataka tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Aliyeandika hivyo alijua kwamba miili miwili haitumii choo kwa namna moja wala kwa muda mmoja, akaiweka tofauti hiyo kwenye namba ambayo mhandisi anaweza kuijengea. Bajeti ya mrengo wa kijinsia, nikiondoa maneno ya warsha, ni hicho tu. Haihitaji kitabu cha pili cha wanawake kando ya kitabu cha halmashauri.

Wala si jambo geni kwetu. Mtandao wa Jinsia Tanzania (TGNP), pale Mabibo, Dar es Salaam, walianza kuisukuma Serikali kwa hoja hii mwaka 1997, wakati wengi wetu maofisini tukidhani jinsia ni kazi ya idara ya maendeleo ya jamii. Waganda wamekwenda mbali zaidi: sheria yao ya fedha za umma ya mwaka 2015 inataka bajeti ipate cheti cha jinsia na usawa, na Tume ya Fursa Sawa inazipima wizara moja moja. Najua cheti nacho kinaweza kuwa karatasi. Lakini wizara inayojua itapimwa hujiandaa tofauti na ile inayojua aya yake haisomwi.

Sisi tulijaribu kwa njia ya kodi. Katika bajeti ya 2018/19 taulo za kike ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka mmoja baadaye Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, akairudisha, kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka na walionufaika ni wafanyabiashara. Hoja yake ilikuwa na uzito. Kinachonisumbua ni hitimisho. Unafuu usipomfikia msichana, fedha ile ile ingeweza kutengewa kifungu cha kununua taulo za shule. Badala yake ilirudi mfuko mkuu, na binti akabaki pale pale alipokuwa.

Hapa Mpemba tuko kwenye barabara kuu iendayo Tunduma, mpakani na Zambia. Foleni ya malori ikirefuka mpaka huku kwetu, biashara inachangamka: chai, chapati, ndizi, mahindi ya kuchoma, na wauzaji karibu wote ni kina mama na mabinti zao. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa mwaka 2019 kilijengwa kwa ajili ya lori lipite upesi, na ni sawa, lori lina mwenyewe. Mama anayemlisha dereva ana mahitaji madogo mno kwa kulinganisha: taa, choo, na sehemu ya kukaa mbali na lami. Hayo ni matumizi ya tisini, hayatoki kwenye kumi.

Halafu maji. Kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani naipenda, kwa sababu angalau inamtaja anayebeba. Ila taarifa tunazosomewa huhesabu kilomita za bomba na idadi ya vituo vya kuchotea. Hazihesabu saa. Kituo kinachofunguliwa saa tatu asubuhi hakimtui ndoo mwanamke anayetakiwa kuwa barabarani na chupa za chai saa kumi na mbili. Atakwenda kisimani, au atamtuma binti, na binti atachelewa shule.

Haya yangesemwa kwenye mikutano ya mitaa ya kuibua vipaumbele, lakini huitishwa mara nyingi saa nne asubuhi siku ya kazi, kina mama wakiwa shambani au barabarani, kisha muhtasari unaandika kwamba wananchi walishirikishwa. Nimemwomba mwenyekiti wetu wa mtaa aupeleke mkutano wetu Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani. Amesema atalifikiria. Akiupeleka au asipoupeleka nitakuwepo, na swali langu limeshaandikwa: anayefungua kituo cha maji alfajiri analipwa shilingi ngapi, na zimo kwenye kifungu namba ngapi?