Mnyama Hana Mahali pa Kushitaki



Kila mwaka mvua zinapokaribia, mbayuwayu wa Ulaya hufika nchini kwetu. Huko Chernobyl, Ukraine, ambako mtambo wa nyuklia ulilipuka tarehe 26 Aprili 1986, wataalamu waliwachunguza ndege wa aina hiyo, wakakuta baadhi yao wana mabaka meupe manyoyani, na kwamba wengi hawaishi muda mrefu. Ni kweli, uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 upande wa Belarus ulionyesha kwamba nguruwe mwitu ni wengi kama katika hifadhi nyingine, na mbwa mwitu ni wengi zaidi. Lakini wingi si afya. Wameongezeka kwa sababu watu waliondoka na bunduki zao. Hilo nalo ni fundisho la kutuaibisha.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia kwamba sehemu isiyofikia asilimia 1 ya Pori la Akiba la Selous iondolewe katika Urithi huo, ili urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, iweze kuchimbwa. Mwaka 2025 kiwanda cha majaribio kilizinduliwa huko. Na katika mkoa wetu wenyewe urani imetafutwa Manyoni, ambako imelala karibu na uso wa ardhi, kwenye mbuga zinazotuama maji wakati wa masika.

Ieleweke kwamba mwamba wa urani ukisagwa, mabaki yake hubaki na sehemu kubwa ya mionzi. Yakivuja majini, urani hudhuru figo, nayo radiamu hujikusanya mifupani. Swala hunywa hapo. Ng'ombe naye hunywa hapo. Na maziwa ya ng'ombe hunywewa na mtoto.

Hatupingi maendeleo. Tunadai kipimo kitangulie shimo. Kabla ya uchimbaji wowote, maji ya visima na mabwawa yapimwe chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na majibu yasomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji. Asiyejua hali ya maji jana hawezi kuthibitisha kwamba yameharibiwa leo.

Viongozi wa walei, lifikisheni suala hili katika jumuiya ndogo ndogo. Tusiseme Manyoni ni mbali na Kinampanda. Nuhu aliokoa wanyama pamoja na jamaa yake katika safina moja. Mnyama hana mahali pa kushitaki. Sisi tunapo, na hatuna budi kusema.