Akikulipa kupita bei, ngoja kwanza

Mwezi uliopita mwenzetu mumoja alikuja ku biro ya sendika, akakaa nje paka watu wote walipotoka. Halafu akaingia, akaweka karatasi tatu juu ya meza, hakusema kitu. Ni mutu tunayemujua tangu zamani. Alikuwa fundi wa umeme ku usine, akatoka pamoja na wale zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliochukua depar volontere ya 2003, na tangu siku ile anakula jasho la mikono yake. Anaweka waya ndani ya nyumba za watu. Na mutu akitaka kununua nyumba, anamwita kwanza aende kuiangalia: paa, ufa ku ukuta, umeme, maji.

Karatasi ya kwanza ilikuwa kopi ya sheki ya dola 900. Kazi aliyopatana ilikuwa ya dola 150.

Mupigaji wa telefone alisema yuko Kinshasa, anataka kununua nyumba Kolwezi, hana nafasi ya kuja. Hakulomba kupunguza bei hata kidogo. Kijana wa moto akaleta sheki. Kesho yake simu ikalia: "Mukubwa, sekretere amekosea. Ameweka ndani ya sheki yako feza ya mwenye kusafirisha vitu vyangu. Weka sheki ku banki, chukua 150 yako, ongeza 50 juu ya usumbufu, na ile 700 umutumie kwa telefone. Kamyo yake imezuiwa Kasumbalesa, inalipishwa kila siku."

Ilikuwa Ijumaa. Akaweka sheki, na mesaje ya banki ikaonyesha 900 ku konti. Mangaribi simu zikaanza kulia kila nusu saa, na banki imefungwa paka Jumatatu. Ndani ya nyumba kulikuwa likelemba ambayo bibi yake anawachungia wenzake: wamama 14, kila mumoja dola 50. Hesabuni wenyewe. Alituma zote, akiwaza kwamba Jumatatu atazirudisha mbele mutu hajajua.

Karatasi ya pili ni ya banki, ya siku ya tisa: sheki imerudishwa, konti iliyoitoa ilifungwa zamani. Ile 900 ikatolewa. Namba ya Kinshasa haiiti tena. Karatasi ya tatu tutaisema mbele kidogo.

Ujanja huu haukuzaliwa kwetu. Marekani umekwisha kukamata watu wa kazi ileile, wale wanaolipwa kukagua nyumba mbele mununuzi atie sahihi. Kule sheria inalazimisha banki kumuachia mwenye konti atumie feza ya sheki kisha siku chache, lakini sheki ya uongo inaweza kugunduliwa wiki nzima kisha pale, hata zaidi. Mwizi anafanya kazi yake katikati ya siku hizo. Na sheki ikirudi, banki inamudai yule aliyeiweka, haiende kutafuta mwenye kuiandika. Wanachagua wakaguzi wa nyumba juu ya namna ya kazi yenyewe: watu wanapatana kwa telefone, mununuzi mara mingi yuko mbali, na nyumba ukienda unaikuta, iko pale kweli, inauzishwa kweli. Mwenzetu pia aliikuta. Sisi ambao tunaandika ku kuta zetu kwamba lupango hii haiuzishwe, tulizoea mwizi anayeuzisha nyumba ya mwingine. Huyu hauzishe kitu. Anajifanya mununuzi.

Tulisikia wengine ku kambi wanacheka: tamaa imemuua. Hapana. Mutu wa tamaa angekula 900 yote na kuzima telefone. Huyu alirudisha feza isiyokuwa yake, na alikimbia kuirudisha. Wamemukamata kwa uaminifu wake, na njo maana jambo hili linatuumiza.

Sisi wa migodi tunajua kuhesabu tunapolipwa pungufu. Saa za ziada zikikosekana ku fishi ya mushahara, tunaziona kwa jicho moja, tunamupelekea delege. Lakini nani alitufundisha kuhesabu tunapolipwa kupita? Katika miaka yetu yote ya kazi hatujaona patroni aliyekosea kwa kuongeza, kisha akaomba musamaha, kisha akatoa tena 50 ya usumbufu. Hapo tu ilitosha kuweka telefone chini.

Basi tunalomba wanamemba na jamaa zao washike hivi. Mutu akileta sheki yenye kupita bei mulioyopatana, usiiweke ku konti. Umurudishie, aandike ingine ya bei ya kweli. Akikataa, umemujua. Kama umekwisha kuiweka, kuona feza ku konti si kulipwa. Ku banki usiulize "iko?" kwa sababu watakujibu iko. Uliza hivi: banki iliyotoa sheki hii imekwisha kulipa, haiwezi kurudi tena? Na ulombe jibu kwa maandishi. Zaidi ya yote, usitumie ziada kwa mutu wa tatu, hata kama ni musafirishaji, shangazi ao pasta. Kama kweli kuna ziada, inarudi kwa yule yule aliyeitoa, kupitia njia ile ile, kisha banki imehakikisha.

Ku telefone iko ndugu yake mudogo. Mesaje inaingia kwamba umepokea franga, kisha mutu anapiga analia amekosea namba, ilikuwa ya dawa ya mutoto. Angalia feza yako wewe mwenyewe na kode yako, usiamini mesaje. Hata ukizikuta, usizitume kwa mukono wako: mwambie apeleke malalamiko kwa kompani ya telefone, wao warudishe. Wamama, ninyi njo mnaochunga telefone ya nyumba muchana, hii inawahusu kuliko sisi.

Aliyeibiwa asifiche. Kitabu cha sheria ya azabu, artikle 98, kinaita tendo hili eskrokeri, na azabu yake ni kifungo cha miezi 3 paka miaka 5. Chunga sheki, mesaje, namba, risiti ya kutuma. Usifute kitu juu ya haya.

Karatasi ya tatu ilikuwa barua aliyowaandikia wamama 14 kwa mukono wake, akieleza yote. Aliogopa kuipeleka. Tulienda naye Jumapili kisha misa. Mama mumoja alisema maneno makali, na alikuwa na haki: zamu ilikuwa yake, na minerval ya watoto inamungojea. Mwishoni walikubali dola 60 kwa mwezi, mama ile alipwe wa kwanza. Sendika inatoa 120 ya mwanzo ndani ya kese ya musaada, na atairudisha. Jumatatu inayokuja delege wawili wataenda naye ku parke na karatasi zote. Mwenye kupata sheki ya namna hiyo, ao simu ya kamyo iliyozuiwa Kasumbalesa, alete namba ku biro mbele ya siku ile, tuziweke pamoja.