Hospitali zipangwe kwa hesabu, si kwa fahari

Mwaka wa 2015 serikali kuu ilianza mpango wa kukodi mitambo ya tiba kwa ajili ya hospitali mbili katika kila mojawapo ya kaunti zetu 47. Nia yake ilikuwa njema, na wagonjwa wengi wa figo walipata kusafishwa damu karibu na makwao. Hata hivyo, kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilibainisha mwaka wa 2020 kwamba baadhi ya mitambo ilikuwa imekaa bure kwa kukosa wataalamu, umeme au maji.

Kosa halikuwa katika mitambo, bali katika kuwagawia sawa wasiokuwa sawa. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Lamu ilikuwa na watu 143,920, ilhali Kakamega ilikuwa na 1,867,579, yaani takriban mara 13. Hapana busara katika kudhani kwamba kaunti hizo mbili zahitaji mabingwa wa idadi moja na wa fani zile zile.

Na tufanye hesabu nyepesi. Wiki moja ina saa 168. Iwapo daktari atafanya kazi saa 40 kwa wiki, basi kitengo kisichofungwa usiku wala mchana chahitaji zaidi ya madaktari wanne, kabla hatujahesabu likizo na maradhi yao wenyewe. Juu ya hao wahitajika wauguzi, watoaji wa dawa za usingizi na watu wa maabara. Kaunti inayomwajiri bingwa mmoja na kumjengea jumba imenunua jina la huduma, huduma yenyewe haijaipata. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tena, mpasuaji asiyepata wagonjwa wa kutosha hupungukiwa na ustadi wake mwaka hadi mwaka.

Je, hii ina maana kwamba wakazi wa kaunti ndogo wavumilie huduma duni? La, hasha! Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata afya ya kiwango cha juu kadiri iwezekanavyo. Mama anayetokwa na damu wakati wa kujifungua hawezi kuingoja mashua, sembuse barabara ya zaidi ya kilomita 300 kutoka Lamu hadi Mombasa. Upasuaji wa uzazi na akiba ya damu lazima viwe karibu hata pale ambapo watu ni wachache. Hapo kipimo ni mwendo, si idadi. Lakini tiba ya saratani kwa mionzi, au upasuaji wa moyo uliopangiwa siku yake, waweza kukusanywa mahali pamoja.

Kaunti sita za Pwani zilikuwa na jumla ya watu 4,329,474 katika sensa hiyo. Idadi hiyo yatosha kuwapa kazi mabingwa wa fani nyingi, ikiwa kaunti zitagawana fani badala ya kushindania zote. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu kuunda mamlaka ya pamoja. Sheria basi haizuii. Kinachozuia ni kiongozi kuona haya kumwambia mpiga kura kwamba fani fulani itakuwa kwa jirani.

Mgawanyo huo hautakuwa wa haki pasipo mambo mawili. Kwanza, magari na mashua za wagonjwa ziwe tayari wakati wote, bila mgonjwa kuchangishiwa mafuta. Pili, hospitali inayompokea mgonjwa wa kaunti nyingine ilipwe bila kuchelewa, asije akaulizwa kwao kabla ya kuulizwa anaumwa wapi.

Viongozi wetu wamezoea kukata utepe milangoni. Afadhali siku moja waulize pia nani atakuwa zamu ndani usiku wa manane.