Mashine Ipewe Usukani, Lakini kwa Hatua

Kuna ubishi uliozuka darasani kwetu na hadi leo haujaisha. Je, chombo kilichotumwa mbali angani kiachiwe kujiamulia mambo, au kingoje amri ya binadamu? Wapo wanaoshikilia kwamba mashine ni mashine tu, haiaminiki. Mimi nasema iaminiwe, ila kwa hatua.

Kwani tuna hiari gani? Ujumbe unaosafiri kwa kasi ya mwanga huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kufika Mirihi. Chombo kikipatwa na shida huko kikatuuliza, "Nifanye nini?", jibu letu litakikuta kimeshaharibika. Maji yakimwagika hayazoleki, na huko hakuna fundi wa kuitwa.

Hata hivyo, programu iliyong'aa maabarani si lazima ing'ae kazini. Mnamo Mei 1999 shirika la NASA la Marekani lilikabidhi chombo Deep Space 1 kwa programu iitwayo Remote Agent. Chombo kilikuwa zaidi ya kilomita milioni 90 kutoka duniani. Programu ilianza vizuri, ikapanga kazi na kuzitekeleza yenyewe. Halafu ghafla ikakwama! Ilipaswa kuzima injini, haikuizima. Sehemu mbili za programu zilikuwa zinangojana, mfano wa watu wawili waliokutana mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Tangulia wewe." Katika majaribio yote yaliyofanywa ardhini, kosa hilo halikuwa limejitokeza.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mwaka wa 1997 wataalamu walikuwa wameikagua sehemu nyingine ya programu hiyo hiyo kwa njia za hisabati, wakagundua kosa la aina hiyo hiyo. Lile la kwanza lilirekebishwa, lakini ndugu yake akabaki amejificha kwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukiziba mmoja huna budi kuchunguza nyumba nzima.

Basi, je, programu ilitupwa? La hasha! Wataalamu waliirudisha mikononi mwao, wakatafuta chanzo, wakatunga jaribio fupi la saa 6. Mei 21 programu ikapewa nafasi tena, na malengo ya jaribio yakatimia. Waliweza hayo kwa sababu tangu mwanzo walijiwekea njia ya kuinyang'anya usukani.

Faida ya subira hiyo ilionekana baadaye. Kuanzia mwaka wa 2003 setilaiti Earth Observing-1 iliwekewa programu ya kujiamulia, ikajaribiwa kipande kwa kipande. Mei 2004 iliona joto la volkano ya Erebus kule Antaktika, ikajipangia yenyewe kurudi kuipiga picha. Kilichoanza kama jaribio kikageuka kazi ya kila siku, hadi setilaiti ilipostaafishwa mwaka wa 2017.

Kwa hivyo nawajibu wenzangu wa pande zote mbili. Mnaosema mashine isiachiwe kamwe, mtangoja milele, maana hakuna programu itakayomaliza makosa yake yote ikiwa mezani. Nanyi mnaosema iachiwe yote leo, mbona utingo hapewi usukani wa matatu siku ya kwanza? Aanze uwanjani, kisha barabarani dereva akiwa kando yake, ndipo abebe abiria.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Aprili 15, 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa angani. Zitakuja nyingine, na watakaoziandikia programu huenda sasa hivi wanasinzia katika somo la hisabati humu humu shuleni. Amkeni, ndugu zangu! Siku hiyo ikifika, msiogope kuiachia mashine usukani, lakini msiondoe mkono kwenye breki.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu.